Pedali ya Chiriku na Waya Uliokatwa

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna mtoto anayepiga gitaa la umeme, acha kwanza kusoma. Nenda chumbani kwake, uangalie plagi ya ile spika kubwa wanayoiita amplifaya. Usiishie kuiangalia kwa nje. Kwa nje plagi ya mwanangu ilikuwa na miguu yake yote mitatu, inang'aa, ungeiamini. Mwite anayejua umeme aifungue mbele yako, na wewe uone kwa macho yako kwamba waya wa kijani wenye mstari wa njano umebanwa na skrubu yake. Ukiukuta umekunjwa pembeni, au umekatwa ukavishwa utepe wa plastiki wenye gundi, usianze kuuliza nani kafanya. Chomoa. Kisha urudi hapa nikueleze.

Binti yangu ni kitinda mimba. Wenzake wa bendi wanamwita Chiriku kwa sababu vidole vyake havitulii, hata akila vinagonga meza. Anapiga gitaa la solo. Mimi nilidhani gitaa ni gitaa tu, kumbe kuna linalowatengenezea wengine njia na kuna linalosema. La solo ndilo linalosema. Wengine wanashuka kidogo, lenyewe linapanda juu, linaimba bila maneno, na watu wanaacha sahani zao.

Tatizo ni kwamba la Chiriku lilikuwa likisema bila kusikika.

Nilijionea mwenyewe, maana mimi ni dobi na sare za bendi ninafua mimi. Mazoezi wanafanyia kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi, panapowekwa viti vya plastiki. Siku moja nimesimama mlangoni na mashati mkononi, nikaona mwanangu amefumba macho, shingo imemtoka mishipa, vidole vinakimbia. Sauti ya gitaa lake sikuipata. Nilisikia dramu na kinanda tu. Wimbo ulipokwisha, kiongozi wao, wanayemwita Kapteni, mtu mzima mwenye tumbo lake anayeshika besi, akageuka.

"Chiriku, umepiga?"

"Si nimepiga, Kapteni!"

"Umepiga nini, simu? Mbona sisi huku hatukuipokea?"

Wakacheka wote. Yeye hakucheka.

"Niongeze sauti?"

"Ukiongeza unazidi kuwa tope, mwanangu. Mimi nataka solo ipite katikati ya dramu na kinanda kama sindano. Tafuta pedali yako. Kila mpiga solo ana pedali yake, kama mtu na mke..." Akaniona. "Samahani mama. Kama mtu na viatu vyake."

Kisha akasema lile lililomnyima mwanangu usingizi. Mwisho wa mwezi bendi ilikuwa inaanza kupiga hotelini kila wikiendi. Akifika siku hiyo bado anazama, nafasi ya solo atapewa kijana mwingine ambaye tayari alikuwa anapiga hodi, na Chiriku atarudi kupiga rithimu, lile gitaa la kuwatengenezea wengine njia, nyuma kule, karibu na mlango wa choo.

Pedali, kwa msioijua, ni kisanduku cha chuma cha ukubwa wa kiganja. Kinakaa sakafuni, waya wa gitaa unaingia huku na kutokea kule kwenda kwenye amplifaya. Ukikikanyaga, sauti inabadilika, inanenepa, inakwaruza kidogo, inavutika bila kukatika. Aina aliyoitafuta inaitwa ovadraivu. Alinieleza hivi: ni kama kumfanya mtu aimbe kwa nguvu kuzidi kifua chake, mpaka sauti inaanza kupasuka kwenye kingo, na humo kwenye kupasuka ndimo utamu ulimo. Nikamwambia mimi sijaona utamu kwenye kitu kinachopasuka. Akasema, "Mama, subiri utasikia."

Wapiga gitaa wana utaratibu wao, wanaazimana pedali. Huyu anakaa nayo siku mbili, anampa yule. Basi nyumba yangu ikawa kituo. Leo anaingia na ya njano, kesho kutwa ya bluu, mara nyingine iliyochubuka rangi haina hata jina. Anazilaza kitandani anazitazama kama mtu anayechagua nazi. Mimi niko uani kwenye beseni au ndani kwenye pasi, naye ananiita ukutani.

"Mama! Hii au ile ya kwanza?"

"Hiyo hiyo."

"Sijabadilisha bado!"

"Basi ya kwanza."

"Mama, hata husikilizi."

Nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikiliza kupita kiasi. Lakini nilichosikiliza ni pumzi yake, namna anavyofyonza hewa kama mtu aliyeungua kila mara sauti isipotoka anavyotaka. Alikuwa amepungua. Nguo zake nilizifua mimi, nilijua kabla ya kioo.

Na kulikuwa na jambo lililomharibia bila yeye kujua. Baba yake ni mlinzi, mchana ndio usiku wake, kwa hiyo nyumbani kwetu gitaa linapigwa kwa sauti ya chini kama mtu anasengenya. Kwa sauti hiyo ya chini, pedali nene, yenye besi nyingi, ilimjaa masikioni akaona ameipata. Anakwenda nayo mazoezini anatembea kwa madaha. Dramu inaanza, ule unene wote unamezwa, anarudi nyumbani mabega yameanguka. Kisha anaazima nyingine, anaichagua vilevile, kwa sauti ileile ya kutomwamsha baba yake, na inamezwa vilevile.

Siku moja akaja na moja ndogo ya kijivu, kifungo chake kimoja kimeng'oka kimewekwa kizibo cha soda. Akaikanyaga. Nikaacha pasi.

"Hiyo ina mafua," nikasema.

"Hata mimi naona. Inaongea puani."

Baba yake akasema kutoka chini ya shuka, "Irudisheni ilikotoka, mtu alale."

Akaibeba mazoezini kwa sababu tu hakuwa na nyingine. Na huko, akanisimulia amesimama katikati ya ua, hajavua hata viatu, ile sauti ya puani ndiyo iliyopita. Vyombo vingine vilikuwa vimejaa chini na vimejaa juu, pale katikati palikuwa wazi, ikapita hapo kama mtu mwembamba kwenye foleni. Kapteni aliacha kupiga besi. Akanyoosha kidole tu. Mwanangu alinikumbatia na mapovu yangu ya sabuni mpaka mabegani. Nami nikafurahi, nisiseme uongo. Nikafikiri tumefika.

Kumbe pedali ile haikuchagua cha kukuza. Ilikuza na uchafu. Kila alipoikanyaga, kabla hajagusa nyuzi za gitaa, amplifaya ilinguruma mmmmm kama friji bovu. Katika wimbo mkali hukuusikia mngurumo. Katika wimbo wa taratibu ulikuwa mtu wa ziada kwenye bendi.

"Solo nimeipata," Kapteni alimwambia, "lakini umeniletea na nyuki. Hotelini watu wanakula, hawataki nyuki."

Siku zilikuwa zimekwisha. Chiriku alibadilisha nyaya, akasogeza amplifaya, akasimama pembeni, akapiga ameukabili ukuta. Mmmmm. Ndipo Kapteni akamwonyesha ujanja wao wa zamani. Simwiti mtu mbaya. Alimwonyesha kwa upendo, kama mtu anavyomwonyesha mtoto njia ya mkato. Akafungua plagi ya amplifaya kwa ncha ya kisu, akautoa waya wa kijani, akaukata, akauvika utepe, akafunga. Mngurumo ukanyamaza palepale. Pakawa kimya safi. Wakapiga makofi.

Nilipouliza mngurumo umekwenda wapi, binti yangu alinijibu akicheka, "Kapteni ametoa ethi." Sikujua ethi ni nini. Nikadhani ni aina ya vumbi.

Jioni ya siku hiyo alirudi na amplifaya, akaiweka mahali pake chumbani kwake, ng'ambo ya ukuta wa meza yangu ya pasi. Kesho yake, baba yake akiwa anakoroma, Chiriku amechomeka kila kitu anajinong'onezea nyimbo zake, akatoka kwenda kunywa maji. Nikapita na kitambaa kibichi kufuta vumbi juu ya gitaa lililoegemezwa. Mikono yangu haikauki, na sakafu ya kwetu ni saruji, natembea peku. Nilipogusa zile nyuzi, wadudu walinipanda mpaka kwenye kiwiko. Siyo maumivu. Ni wadudu, wengi, wanakimbia chini ya ngozi. Nikarusha kitambaa.

"Chiriku! Gitaa lako linauma!"

Akaja, akagusa nyuzi, akatikisa kichwa. "Sioni kitu."

"Umevaa ndala. Vua."

"Mama jamani. Ni umeme wa nguo zako, unashinda na pasi na vitambaa."

"Mimi na nguo tumezoeana miaka. Nguo haziniumi."

Baba yake akafungua jicho moja. "Mama Chiriku, wewe hata taa ikipepesa unasema nyumba inaungua."

Na ni kweli nasema hivyo. Hapo ndipo shida ya mama mwenye wasiwasi ilipo, mzazi mwenzangu. Ukiogopa kila kitu, siku ya kuogopa cha kweli sauti yako ni ileile. Hakuna anayeinua kichwa.

Nikamwambia apeleke kwa fundi. Akasema fundi akirudisha ule waya wa kijani alioukata Kapteni, ndiyo hiyo ethi, mngurumo utarudi, na mngurumo ukirudi amekwisha, yule kijana anakaa kwenye nafasi yake. "Nipitishe siku ya hoteli tu, mama. Baada ya hapo mwite fundi, hata polisi ukitaka."

Akaniangalia kwa yale macho. Nikanyamaza. Lakini kunyamaza kwangu hakukuwa kutulia. Nilichoma shati moja la mteja, nikamwaga maji ya chai nje ya kikombe, nikaamka kila mara kwenda kugusa plagi kama imechomolewa.

Siku ya hoteli, sare ningeweza kuzituma kwa kijana wa bodaboda kama kawaida. Nikazibeba mwenyewe. Chiriku alikuwa ametangulia mchana kujaribu vyombo kabla ya wageni. Nilipofika sikwenda ukumbini. Nilimwuliza mlinzi wa geti, "Mwenye kushughulika na umeme hapa ni nani?" Akanipeleka nyuma, karibu na jenereta, kwa fundi mmoja mrefu aliyekuwa anabadilisha balbu. Nikamsalimia, nikamweleza haraka haraka, mashati yamenijaa mikononi: nyuzi zinauma, waya wa kijani umekatwa, mngurumo umekwisha.

Mwanzo alitabasamu. Nilipofika kwenye waya akaacha kutabasamu. "Anaimba pia?"

"Kiitikio tu. Kwenye maiki."

Alishuka ngazi, akaanza kutembea, na mtu mrefu akitembea vile mimi nakimbia.

Tukiwa kwenye korido nilimsikia. Mzazi mwenzangu, nilimsikia mwanangu. Walikuwa wamefika kwenye solo, na ile sauti ya puani haikuwa ya puani tena. Ilipita juu ya dramu, ikashuka, ikakwaruza, ikang'ang'ania noti moja ikaivuta mpaka nywele zikanisimama. Wahudumu wameshika trei hawaendi. Hata fundi alipunguza hatua. Nilielewa siku hiyo alichokuwa anakitafuta kitandani kwenye vile visanduku, na kwa muda wa kuvuta pumzi nilisahau kwa nini nakimbia.

Tukaingia. Sakafu ya jukwaa ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado inameta. Alikuwa amevua viatu. Hupenda kukanyaga pedali kwa kidole gumba siku akitaka kuisikia vizuri. Solo ikaisha, kiitikio kikafika, akasogea kwenye maiki, mkono wa kushoto bado umekamata nyuzi. Mdomo ukagusa.

Hakupiga kelele. Hakuanguka. Hilo ndilo nataka ulijue, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyopotea mbele ya wenzao. Alisimama tu. Kichwa kimerudi nyuma kidogo, mkono umejifunga kwenye shingo ya gitaa, meno yameonekana. Mpiga dramu akaendelea. Kapteni akatabasamu, nilimwona, alidhani ni mbwembwe za jukwaani.

Nilitupa mashati nikamwendea nimkumbatie, nimwondoe pale. Yule fundi alinikamata gauni kwa nyuma, kwa nguvu, nikasikia mshono ukiachia.

"Usimguse!"

"Mwanangu!"

"Ukimgusa mnakwenda wawili! Kaa hapo!"

Niliichukia ile mikono yake. Nilimpiga. Aliniacha akaruka nyuma ya amplifaya, akang'oa plagi ukutani, na mwanangu akadondoka kama nguo kutoka kwenye kamba.

Fundi aliweka sikio kifuani kwake, akasema, "Unapiga." Alikuwa na maana ya moyo. Mimi nilichosikia ni neno lenyewe tu.

Aliamka kwenye gari kabla hatujafika hospitali. Mdomo ulikuwa umevimba, na kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto nyuzi zilikuwa zimechora mistari, nyeupe, imezama. Neno lake la kwanza alilisema taratibu kwa sababu ya mdomo.

"Mama. Ulisikia?"

"Nilisikia, mwanangu."

"Ilipita?"

"Ilipita. Lala."

Kapteni alikuja wodini amebeba kofia mkononi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi. "Mama, hakuna mtu anayempenda huyu mtoto kama mimi. Nimekata ethi za bendi nne, na niko hapa nakula na kunywa."

"Bendi ziko nyingi, Kapteni," nikamwambia. "Mimi huyu ndiye wa mwisho."

Akalia. Sikumbembeleza, na wala sikumfukuza. Sare za bendi yake bado nafua mimi.

Yule fundi naye alipita siku nyingine kutuona, akatueleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Pedali ilikuwa inakula umeme wa ukuta huu, amplifaya inakula wa ukuta ule, na kuta hizo mbili hazikuelewana. Ugomvi wao ndio uliokuwa ukinguruma. Dawa yake ilikuwa kuvichomeka vyote mahali pamoja, au kuitilia pedali betri, maana chini yake ilikuwa na nafasi ya betri ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Basi. Mngurumo ungekwisha, na waya ungebaki. Ule waya wa kijani kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ukiukata, umeme uliopotea unakaa kwenye chuma, unasubiri atakayeupitisha. Amplifaya ya Chiriku ilikuwa na hitilafu ndogo ndani ambayo ingekata fyuzi tu na kumwudhi mtu. Bila ule waya, njia ikawa mwanangu, akiwa peku kwenye sakafu mbichi, mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki.

Kwa hiyo akikuambia ni mngurumo tu, mwambie mngurumo hauui. Akikuambia wapiga gitaa wote wanafanya, mwambie wote hao hawajazaliwa na wewe. Na ukimkuta amekamatwa na umeme, usimkumbatie. Najua mwili utataka. Zima umeme kwanza, ng'oa plagi, kisha ndipo umshike.

Hotelini walianza na yule kijana. Sikujali, ila Chiriku alijali. Aligeukia ukuta alipoambiwa. Lakini Kapteni alimrudishia nafasi vidonda vya vidole vilipofunga, na sasa amplifaya ina plagi mpya, vyote vinakula mahali pamoja, pedali ina betri. Fundi mwenyewe hupita kukagua kabla hawajaanza. Ningeweza kusema nimetulia.

Ila ncha za vile vidole viwili zimekufa ganzi. Hasikii uzi unapoisha na mbao inapoanza, kwa hiyo anaukandamiza zaidi kuliko zamani, na kwa mkono huo mpya ile pedali ya kijivu inapiga kelele badala ya kuimba. Ameijaribu kila namna. Kizibo cha soda amekizungusha mpaka kimelegea. Wiki iliyopita aliiweka kwenye boksi, akamrudishia mwenyewe.

Asubuhi hii ameleta nyingine, nyekundu, nzito kama tofali. Baba yake amejifunika shuka mpaka kichwani. Nami nimesimama na pasi, nasikiliza ukutani, nguo imeanza kunuka moto.

"Mama! Hii vipi?"

"Umevaa viatu?"

"Mama, nauliza sauti!"

"Nami nauliza viatu."